Ile ya Cheti

Kuna aina moja ya herufi ambayo kila mkaaji wa Nairobi anaijua kwa macho, lakini ukimuuliza jina lake atakutazama tu. Imelala kidogo upande wa kulia, kama mtu anayetembea akipingana na upepo. Herufi zake kubwa zina mikia na mapindo, na f yake ndogo hushuka hadi chini ya mstari. Utaiona kwenye cheti cha mtoto aliyehitimu chekechea Kawangware, amevaa joho dogo na kofia ya kadibodi. Utaiona kwenye kadi ya harusi, kwenye menyu ya mkahawa wa Westlands unaotaka kuonekana wa kigeni, kwenye karatasi ya kuhitimu ususi iliyotundikwa juu ya kioo katika saluni ya Kangemi, na kwenye jalada la programu ya mazishi, chini ya picha ya marehemu. Jina lake rasmi ni Monotype Corsiva. Katika miaka niliyofanya kazi kwenye saiba, hakuna mteja aliyewahi kulitamka jina hilo mbele yangu. Walisema "ile ya harusi." Walio wengi walisema "ile ya cheti." Mzee mmoja wa kanisa aliniambia, "Weka ile imesimama na heshima," na sikumwambia kwamba haijasimama, imelala.

Historia ya herufi hii inanivutia kwa sababu inapitia katikati ya swali ambalo Nairobi imekuwa nalo tangu reli ifike mwaka 1899: ni nani anayestahili kuandikiwa karatasi nzuri, na akishaandikiwa, nani ataiamini?

Kiswahili kililiona jambo hili mapema. Neno hati, tulilolipata kutoka Kiarabu, ni mwandiko wa mkono na pia ni karatasi inayothibitisha jambo. Mtu ana hati nzuri. Mtu ana hati ya shamba. Pwani, ambako barua, mikataba na tenzi ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu wakati Nairobi ingali kinamasi cha kunyweshea mifugo, mkono wa mwandishi ulikuwa sehemu ya ushahidi. Aliyeisoma barua aliutambua mkono kabla hajafika kwenye jina. Kwa hiyo msomaji wa Kiswahili hashangai sana akiambiwa kwamba huko Ulaya pia uzuri wa maandishi na uhalali wa karatasi vililelewa nyumba moja.

Nyumba hiyo ilikuwa ofisi ya Papa, ingawa mwandiko wenyewe ulianzia Florence na ulizaliwa na haraka. Mwanzoni mwa karne ya 15, msomi aitwaye Niccolò Niccoli alikuwa akinakili vitabu vya Kirumi kwa mkono wake, na ili aende mbio alipunguza kuinua kalamu. Kalamu isiyoinuliwa hulaza maandishi, kila mstari ukivutwa na unaoufuata. Ofisi ya uandishi ya Papa, iliyokuwa ikitoa barua kwa wingi, ikauchukua mwandiko wa namna hiyo kwa barua zake fupi. Ofisi iliitwa cancelleria, na mwandiko ukaitwa cancelleresca. Karani aliukata ncha ya unyoya kwa mlazo ili mstari uwe mnene upande mmoja na mwembamba upande mwingine. Unene na wembamba huo bado uko kwenye cheti cha chekechea cha Kawangware, ingawa sasa hakuna unyoya wala wino wa chupa.

Mmoja wa makarani hao, Ludovico degli Arrighi, alifanya jambo lililobadilisha mkondo wote. Mwaka 1522 alitoa Roma kijitabu kiitwacho La Operina, ambacho kurasa zake zilichongwa kwenye mbao, kumfundisha mtu yeyote mwenye subira kuandika kama karani wa Papa. Fikiria maana yake. Mwandiko uliokuwa alama ya ofisi kubwa kuliko zote katika Ukristo wa Magharibi sasa uliuzwa kama kitabu cha mazoezi. Mwaka 1524 akaanza kuchapa vitabu kwa herufi za chuma zilizoiga mkono huohuo. (Venice, Aldus Manutius alikuwa amekwisha kuchapa kitabu kizima kwa herufi za mlazo tangu 1501, lakini zake zilikuwa za kubana maneno kurasani. Za Arrighi zilikuwa za kupendeza.) Baada ya majeshi ya Kaizari Karolo wa Tano kuipora Roma mwaka 1527, hatusikii habari zake tena. Mimi humwona Arrighi kama mtu wa kwanza wa River Road: alichukua mkono wa serikali akaushusha barabarani, kila mtu ajisaidie.

Nairobi ya wakoloni ilikuwa na karatasi za aina mbili. Walowezi wa Kiingereza walikuja na mazoea ya tabaka la juu la kwao: kadi ngumu, maandishi membamba yaliyoungana, mwaliko wa chakula cha jioni. Mwafrika alipata kipande. Sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, ilimlazimu kila mwanamume Mwafrika aliyefikia miaka 16 kubeba karatasi ya usajili yenye alama za vidole vyake na nafasi za mwajiri kujaza. Ilitiwa ndani ya kijaluba cha chuma, kikaning'inizwa shingoni. Karatasi hiyo haikumheshimu aliyeibeba. Ilikuwa imeandikwa kumhusu, wala si kwa ajili yake, na bila saini ya bwana mmoja hakuweza kwenda kwa mwingine.

Hapo ndipo ninamkumbuka Harry Thuku, ambaye jina lake sasa liko kwenye barabara inayopita kati ya Chuo Kikuu na Hoteli ya Norfolk. Watu humkumbuka kwa mapambano ya 1921 na 1922, dhidi ya kipande, dhidi ya kodi na dhidi ya kupunguzwa mishahara, na kwa umati uliopigwa risasi tarehe 16 Machi 1922 ulipokuja kudai aachiliwe. Kinachosahaulika ni kwamba alikuwa mtu wa karatasi. Mwaka 1911, akiwa kijana, alifungwa miaka miwili kwa kosa la kughushi. Alipotoka alipata kazi ya kupanga herufi katika gazeti la walowezi, Leader of British East Africa. Ninaipenda picha hiyo: serikali ilimfunga kijana kwa kuchezea maandishi, na kazi aliyoipata baadaye ikawa kushika maandishi ya walowezi herufi moja moja, kinyumenyume, kama mpanga herufi anavyoyaona. Mpanga herufi hulisoma gazeti kabla ya mnunuzi wake. Alipoanza siasa, alisaidiwa na M. A. Desai, mhariri wa East African Chronicle, na ofisi yake ya uchapaji.

Kwa muda mrefu matbaa zilizomfungulia Mwafrika mlango zilikuwa za Wahindi. Makhan Singh alifanya kazi katika matbaa ya baba yake, Sudh Singh, mjini Nairobi, kabla ya kuwa kiongozi wa chama cha wafanyakazi mwaka 1935. G. L. Vidyarthi alianzisha Colonial Times mwaka 1933, akachapa pia gazeti la Kiswahili, Habari za Dunia, na baadaye akafungwa kwa makosa ya uchochezi. Historia huwakumbuka kwa magazeti, na ni haki. Lakini matbaa ndogo ya Nairobi haikuishi kwa magazeti. Iliishi kwa risiti, bahasha, kadi za harusi na kalenda.

Mjomba wangu alipanga herufi za risasi katika matbaa moja ya River Road miaka ya 1970, na yeye ndiye aliyenieleza kwa nini karatasi nzuri ilikuwa ghali. Kila ukubwa wa herufi ulikuwa na kasha lake. Herufi za kawaida zilistahimili kazi, lakini zile za mlazo wenye madoido zilikuwa tete, kwa sababu mkia wa herufi huning'inia nje ya kipande chake cha risasi, na ukigongwa huvunjika. Mkia wa f ukivunjika, herufi imekufa. Kwa hiyo zilikaa kwenye droo yao, na bosi ndiye aliyekuwa na ufunguo. Waliiita droo ya harusi. Halafu kulikuwa na shida ya majina. Kasha lilikuwa limepangwa huko Uingereza kwa mahitaji ya Kiingereza, lugha isiyotumia k nyingi wala w nyingi. "Ukichapa kadi ya Wanjiku na Kariuki," mjomba alisema, "na uweke Kikuyu na kanisa na karamu, k zimeisha kabla hujafika kwa tarehe." Ilibidi achape kadi kwa awamu mbili au ambembeleze mteja abadilishe maneno. Mteja alilipia yote hayo. Mwenye pesa kidogo alichapiwa kwa herufi za kawaida, zilezile za risiti ya unga.

Vyeti navyo vilijazwa kwa mkono. Shule, kanisa au ofisi ilichapisha karatasi yenye mistari mitupu, kisha akatafutwa mtu mwenye hati nzuri aandike majina. Huko magharibi mwa mji, kuanzia misheni ya Thogoto hadi Jeanes School iliyofunguliwa Kabete mwaka 1925 kufundisha walimu, mwandiko mzuri ulikuwa ngazi ya kwanza ya kupanda kutoka shambani kwenda ofisini. Karani aliheshimiwa kijijini kwa sababu ya mkono wake. Wengi wa kizazi cha mama yangu bado huandika barua ya chama kwa herufi zilizolazwa, zenye kichwa cha T kama mwavuli, na wakiona mwandiko wetu wanatikisa kichwa.

Kisha kompyuta zikaja.

Mjerumani Hermann Zapf, aliyezaliwa Nuremberg mwaka 1918 na kujifunza kuandika kwa kalamu bapa kutoka vitabuni, alichora herufi zilizotolewa mwaka 1979 kwa jina la ITC Zapf Chancery. Jina hilo linarudi kwenye ofisi ileile ya Papa. Mwaka 1986 kampuni ya Apple iliziingiza ndani ya printa yake iliyoitwa LaserWriter Plus, miongoni mwa fonti 35 ambazo zilikuja kuwa kawaida ya dunia nzima. Miaka mitano baadaye, mwaka 1991, kampuni ya Monotype ya Uingereza ikatoa Corsiva, iliyochorwa na Patricia Saunders. Huyu ni mama ambaye pia alishirikiana na Robin Nicholas kuchora Arial, kwa hiyo programu nyingi za mazishi za Nairobi, zenye jina la marehemu kwa Corsiva na ratiba ya ibada kwa Arial, ni kazi ya mkono mmoja kutoka juu hadi chini. Sidhani kama kuna mchoraji wa herufi aliyehudhuria mazishi yetu mengi kuliko Patricia Saunders.

Corsiva ilielezwa kuwa imefuata mwandiko wa Arrighi. Lakini ukiiweka kando ya Zapf Chancery, unaona mtu na nduguye. Hata upana wa herufi ulilinganishwa, ili moja ikae mahali pa nyingine bila kuvuruga mistari. Zapf hakufurahi. Mwaka 1993 alijiuzulu kutoka ATypI, chama cha kimataifa cha watu wa fonti, akilalamika kwamba chama kinahubiri dhidi ya kunakili kazi za wengine huku wanachama wake wakubwa wakinakili. Marekani sheria haikumsaidia: jina la fonti laweza kulindwa, programu ya kompyuta yaweza kulindwa, lakini umbo la herufi lenyewe halina hakimiliki. Basi hapo tuna kitu cha kuchekesha kidogo. Herufi ambayo Nairobi ingekuja kuitumia kuandika vyeti vyake, halali na vya bandia, yenyewe ilifika ikinyooshewa kidole kwamba ni nakala.

Microsoft iliisambaza Corsiva pamoja na Office, na hilo ndilo lililoileta kwetu. Hakuna aliyeichagua. Ilikuwa ndani ya mashine. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, duka la futi nane kwa kumi pale Nyamakima au kwenye ngazi za jengo la River Road, lenye kompyuta moja iliyotumika Ulaya, printa moja na Office ya kunakiliwa kwenye CD, lilikuwa na droo ya harusi isiyo na ufunguo. K hazikuisha tena. Mkia wa f haukuvunjika. Kutoka hapo ilipanda matatu za 46 hadi Kawangware, na za Waiyaki Way hadi Kangemi, Uthiru na Kinoo, na kila mtaa ukawa na saiba yake.

Ndani ya faili la fonti hiyo mna maelezo mafupi ya kampuni, ambayo karibu hakuna anayeyasoma. Yanasema ifaa kwa mialiko, kadi za salamu na menyu, na kwa kuvipa vyeti na tuzo hadhi ya siku kuu. Yanasema pia kwamba herufi kubwa zimechorwa zitumike hasa mwanzoni mwa neno. Mazishi hayakutajwa. Wala harambee. Sisi tuliweka vyote viwili. Kadi ya harambee ilikuwa na jina la mgeni wa heshima kwa Corsiva, na chini yake mistari ya nukta kwa majina ya wachangaji na kiasi cha pesa. Wakati wa kampeni kadi hizo zilifuatana kama mvua ya Aprili, mpaka sheria ya maadili ya maafisa wa umma ya mwaka 2003 ikawabana wakubwa kidogo. Bado zilichapwa.

Lakini droo isiyo na ufunguo haimchagui anayeifungua. Mji wote unajua River Road ina sifa gani. Ukimwambia Mkenya kwamba shahada yake ni ya River Road, umemtukana, na hata mtoto anaelewa. Cheti kilichoonekana kizuri kilikuwa ushahidi wakati uzuri ulikuwa mgumu kutengeneza. Uzuri ulipokuwa wa shilingi 50, ushahidi ukayeyuka. Mwezi Februari 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kwamba kati ya watumishi wapatao 28,000 ambao vyeti vyao vilikaguliwa, zaidi ya 2,000 walikuwa na vyeti vya kughushi. Siwezi kusema vingapi kati ya hivyo viliandikwa kwa Corsiva, na kwa kweli mwenye kughushi mwenye akili huiga karatasi iliyopo, fonti kwa fonti. Ninachojua ni kile tulichoulizwa kaunta. Karibu kila mwezi mtu aliingia, akasubiri duka litulie, akainama: "Boss, unaweza nitolea ingine kama hii, ubadilishe tu jina?" Aliyenifundisha kazi alikuwa na jibu moja, na nililirithi: "Printa imekwama."

Serikali ilijibu kwa kuuhamisha ukweli. Tangu eCitizen ianze mwaka 2014, karatasi nyingi za serikali unajichapia mwenyewe, na kinachothibitisha ni kile kisanduku cha vidoti kilicho kwenye kona, kinachosomwa na simu. Ni karatasi mbaya kwa sura. Makarani wa Roma wangelia. Lakini ni karatasi isiyomwomba mtu aiamini kwa sura yake, na katika mji huu hilo ni jambo jema. Namkumbuka tena mtu wa kipande. Yeye alibeba karatasi yenye alama za vidole kwa sababu mtawala hakuamini neno lake. Mimi nabeba simu yenye vidoti kwa sababu hakuna anayeamini neno la yeyote. Sina hakika ni maendeleo ya kiasi gani, ila sasa mkubwa na mdogo wanakaguliwa kwa mashine ileile.

Hivyo Corsiva ikafukuzwa kazi ya ushahidi, ikabaki na kazi ya heshima tu. Na hata huko inasukumwa. Vijana wanaotengeneza mabango ya matanga kwa simu wanapenda fonti za bure za Google, hasa moja iitwayo Great Vibes, yenye herufi nyembamba zilizoungana, mikia mirefu kama moshi. Ni nzuri. Lakini nikiiangalia naona zile kadi za mlowezi, na najiuliza kama tumepiga hatua mbele au tumealikwa chakula cha jioni kwa kuchelewa.

Wataalamu wa uchapaji wanaidharau Corsiva. Wanasema imetumika hadi imechakaa, na wanasema, kwa haki, kwamba watu hawajui kuitumia. Kosa kubwa ni kuandika jina zima kwa herufi kubwa: mikia inagongana, mapindo yanaingiliana, jina linakuwa kichaka. Nilipoanza kazi Kangemi nilifundishwa kumkataza mteja kufanya hivyo, na nilikataza kwa ukali, nikijiona mlinzi wa mambo mazuri.

Mwaka 2007, jioni, stima ikiwa imerudi baada ya kupotea tangu saa tisa, aliingia mama mmoja na karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa programu ya mazishi ya mwanawe. Alikuwa kijana wa mjengo, gari lilimgonga akivuka Waiyaki Way alfajiri akienda kazini. Mama hakulia. Alisoma kila mstari nikiandika, kidole kikiwa kwenye skrini.

"Kijana yangu, jina uiandike na ile ya cheti."

"Sawa mama. Yote?"

"Jina peke yake. Hayo mengine weka tu ya kawaida."

Nikaandika majina matatu, kila moja likianza kwa herufi kubwa, kama inavyotakiwa. Akatikisa kichwa.

"Kitambulisho yake imeandikwa zote kubwa."

"Mama, hii nikiweka zote kubwa zitagongana. Itasumbua watu kusoma."

"Nani atasumbuka? Wenye wanamjua watasoma."

Nikabonyeza. Majina yakavimba yakajaa upana wa ukurasa, mkia wa kila herufi ukiwa juu ya mwenzake. Aliyatazama kwa muda mrefu. Akasema kijana aliacha shule darasa la saba, na kwamba fundi mkuu wa mjengo alikuwa akimwahidi barua ya kuonyesha amejua kazi ya kupiga plasta, lakini kila Jumamosi ilikuwa wiki ijayo. "Hakuwahi pewa cheti ya kitu yoyote," alisema. "Hata ya Sunday school walisema zimeisha."

Tulichapa nakala 80, tukazikunja pamoja kwenye benchi, yeye akipiga mkunjo kwa ukucha. Mvua ilikuwa imeanza, na watu wawili waliokuja kuangalia barua pepe wakaacha wakatusaidia. Alipomaliza kulipa aliuliza kama tuna zile karatasi ngumu. Tulikuwa nazo chache, za rangi ya maziwa, za vyeti vya chekechea. Akataka moja. Jina peke yake, katikati, bila picha, bila tarehe mbili, bila maneno ya Kiingereza ya juu.

"Niweke mpaka?" niliuliza, kwa maana ya ule urembo wa pembeni.

"Weka."

Nikaweka, nikachapa, nikaipuliza wino ukauke. Hakutaka ikunjwe. Aliifunika kwa gazeti, akaiweka ndani ya leso, kifuani, akatoka nayo kwenye mvua ameinama ili isilowe.